Skeletoni ya njiwa ya kufundishia: hela yake inarudi, ila ikague kwanza kabla hujalipa

Walimu wenzangu wa baiolojia, na nyie mnaofuga njiwa na nyumbani mna watoto wenye maswali yasiyoisha, hii ni ya kwenu. Kuna ile skeletoni ya njiwa ya mezani, ya mifupa halisi siyo ya plastiki, inakuja imegandishwa kwa gundi juu ya kibao cha mbao na kufunikwa na boksi la plastiki angavu, nimeinunua na nimeifundishia vidato kadhaa sasa na watu wameniuliza sana kama inafaa. Jibu fupi ni kwamba inafaa, nunua, ila usitoe hela kabla hujakagua sehemu nitakazozitaja, manake hii yangu ilikuja na kasoro ambazo mwalimu asipozijua anaenda kufundisha uongo darasani bila kukusudia.

Niseme kwanza kilichomo. Njiwa mwenyewe amesimama, bawa la kulia limefunuliwa na la kushoto limekunjwa, na huo ni uamuzi mzuri sana wa aliyeitengeneza kwa sababu wanafunzi wanaona mkono uleule katika hali mbili bila mtu kugusa kitu. Mifupa ni meupe safi, haina harufu, haina mafuta mafuta. Kila mfupa muhimu una kinamba kidogo kimebandikwa, halafu kuna karatasi yenye majina. Boksi linafunguka kwa juu kwahiyo unaweza kuingiza kijiti cha kuonyeshea. Bei ilikuwa laki mbili kasoro pamoja na usafiri, najua kwa mshahara wetu siyo hela ndogo, lakini mimi nimeshaona shule zinanunua chati za ukutani kila mwaka zinachanika, hii ukiitunza inakaa.

Sasa kasoro. Ya kwanza, kwenye karatasi namba mbili za begani zimebadilishana, korakoidi, yaani mfupa unaosimama kati ya kidari na bega, imeandikwa ndo mfupa wa bega na mfupa wa bega umeandikwa korakoidi. Hii siyo ndogo, hapo begani ndo roho ya mnyama mzima ilipo na nitaeleza. Ya pili, kwenye bawa la kushoto kidole gumba hakipo, kimevunjika au hawakukipata wakati wa kusafisha, sijui, ila hakipo. Ya tatu ile mifupa midogo midogo inayozunguka jicho kama pete haikuwekwa kabisa, na mifupa ya ulimi nayo hakuna. Nilimwandikia muuzaji kuhusu karatasi akanijibu kistaarabu kwamba atatuma nyingine, mpaka leo sijaiona, kwahiyo nimechapa ya kwangu nikaibandika kwa chini ya kibao.

Pamoja na hayo yote bado nasema nunua, na sababu yangu ni moja. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote kwanini ndege anaruka atakwambia mifupa yake ni mitupu ndani kwahiyo ni myepesi, basi, kamaliza, na notsi nyingi zimeishia hapohapo. Hii skeletoni ukiitazama kwa utulivu inakuonyesha kwamba wepesi ni kipande kidogo tu cha habari. Habari kubwa ni mpangilio, nini kimeungana na nini, nini kimeachwa kinacheza, na kamba zinapita wapi.

Tuanzie kwenye kidari manake hapo ndo macho ya kila mtu yanaenda. Mfupa wa kidari wa njiwa ni mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na mwili wake, na katikati umesimama ubao mrefu wa mfupa unaoitwa mkuku. Huo mkuku upo kwa ajili ya kushikilia nyama. Msuli mkubwa wa kidari, ule unaolivuta bawa kwenda chini, kwa njiwa unafika karibu moja ya tano ya uzito wa mwili wote, yaani njiwa ni kidari chenye kichwa na miguu. Sasa msuli wa ukubwa huo ukivuta lazima ushike mahali pagumu na penye eneo, na ndo mkuku. Mbuni hana huo mkuku, kidari chake ni bapa kabisa, na wote tunajua mbuni anakimbia tu. Pengwini harukii hewani lakini mkuku anao, tena mkubwa, sababu anapiga mabawa ndani ya maji na maji ni mazito kuliko hewa. Hapo mwanafunzi akishaelewa kwamba mkuku unafuata kazi ya bawa, wala haufuati jina la ndege, umeshamaliza nusu ya somo.

Swali linalofuata huwa linakuja lenyewe darasani, bawa linashuka kwa msuli wa kidari sawa, sasa linapanda kwa msuli gani? Watu wote wanadhani upo mgongoni. Haupo mgongoni. Upo palepale kidarini, chini ya ule mkubwa, nao unashika kwenye mkuku huohuo. Kano yake inapanda juu mpaka begani, inapita kwenye kitundu kinachotengenezwa na mifupa mitatu inapokutana, korakoidi, mfupa wa bega na ule mfupa wa umbo la V, ikitokea upande wa pili inageuka na kushika juu ya mfupa wa mkono. Ni ile kamba ya bendera ya shule, unavuta chini bendera inapanda, kwa sababu juu kuna kapi. Kwahiyo injini zote mbili, ya kushusha na ya kupandisha, zimewekwa chini ya mwili, uzito unakaa chini ya mabawa na ndege hapinduki ovyo hewani. Mimi kila nikifika hapa nasimama kidogo, nawaachia waangalie kile kitundu, kwenye hii skeletoni kinaonekana vizuri sana ukimulika tochi ya simu kutokea nyuma. Ndo maana nilikasirika kuhusu zile namba mbili, manake huwezi kueleza kitundu cha mifupa mitatu wakati miwili kati yake imeandikwa majina ya uongo.

Na kama unataka waamini kabisa, changanya skeletoni na kuku wa sokoni. Chukua kuku mzima aliyenyonyolewa, toa ngozi ya kidari, chana nyama kubwa pembeni mwa mkuku uifunue, chini yake utakuta kipande kirefu cha nyama kimejitenga chenyewe, kina kano nyeupe inayoelekea begani. Ishike hiyo nyama uivute taratibu kurudi upande wa mkia. Bawa linanyanyuka. Darasa langu lilipiga kelele mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Halafu unarudi kwenye skeletoni unawaonyesha kano imepita wapi, hapo hakuna anayesahau mpaka mtihani.

Korakoidi yenyewe ni mfupa mnene umesimama kati ya kidari na bega, kila upande mmoja. Sisi binadamu hatuna mfupa wa namna hiyo uliojitegemea, tumebaki na kijinundu tu kwenye mfupa wa bega. Kwa ndege kazi yake ni mhimili, msuli wa kidari ukikaza kwa nguvu ile ungelivuta bega zima lishuke lipondane na kidari na mbavu zibonyee, korakoidi inakataa. Shika kijiti ulinganishe unene wake na mbavu zilivyo nyembamba, utaona mwili umejua nguvu inapita wapi.

Mfupa wa V ni mitulinga miwili iliyoungana. Kwa njiwa ni mwembamba mpaka unaogopa kuupumulia. Mwaka 1988 Jenkins, Dial na Goslow walitoa utafiti wa kwezi wa Ulaya aliyekuwa anaruka ndani ya handaki la kupulizia upepo huku anapigwa filamu ya eksirei, wakaona ule mfupa unafunguka kila bawa likishuka na kujirudi kila likipanda, nafasi kati ya ncha zake za juu inatoka kama milimita 12 hivi mpaka karibu 19. Kwa hiyo ni springi hai. Hapa kwenye hii bidhaa kuna kitu sikukipenda, wameupaka gundi nyingi kwenye ncha mpaka pamekuwa na donge la njano, mwanafunzi anaweza kudhani ni sehemu ya mfupa. Ukiagiza omba picha ya karibu ya hapo.

Haya sasa tuje kwenye mifupa mitupu, manake najua mnaisubiri.

Mitupu ipo, ni kweli. Ukiangalia mfupa wa juu wa bawa, karibu na bega kwa upande wa ndani, kuna kitundu. Hicho ndo mlango wa hewa. Ndege ana mapafu halafu ana mifuko ya hewa inayosambaa mwilini, na mifuko mingine inaingia mpaka ndani ya mifupa. Daktari John Hunter wa London alishaliandika hili mwaka 1774, kwamba hewa ya mapafu inafika mpaka ndani ya mfupa wa bawa, na ndege aliyezibwa koo anaweza kuvuta pumzi kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. Jaribio la kikatili kwa macho ya leo, ila jibu lilibaki. Na mpaka sasa waganga wa mifugo wanafundishwa usimpe kuku wala kasuku dripu kupitia mfupa huo, maji yataenda kwenye mfumo wa hewa na utamzamisha mgonjwa wako akiwa juu ya meza. Nikiwaambia wanafunzi hilo darasa zima linanyamaza.

Lakini siyo kila mfupa wa ndege una hewa, na hapa ndo vitabu vingi vinateleza. Mifupa ya chini ya bawa na ya chini ya mguu wa njiwa ina uboho wa kawaida tu. Kuku anayetaga anatengeneza hadi mfupa wa ziada ndani ya mifupa ya miguu, akiba ya kalisiamu kwa ajili ya ganda la yai. Pengwini mifupa yake imejaa, anahitaji kuzama. Mbuni ajabu yake, mfupa wa bawa hauna hewa lakini wa paja una hewa, na kuruka haruki. Kwahiyo ukimfundisha mtoto "mifupa mitupu maana yake kuruka" umempa njia ya mkato itakayomwangusha mbele.

Na wepesi wenyewe? Mwaka 1979 Prange, Anderson na Rahn walilinganisha uzito wa kiunzi kizima cha mifupa ya ndege na cha mamalia wenye uzito wa mwili unaolingana, wakakuta tofauti ni ndogo mno. Mnyama na ndege wa kilo moja moja, mifupa yao inakaribiana uzito. Halafu mwaka 2010 Elizabeth Dumont akapima msongamano wa mfupa wenyewe, yaani uzito kwa ujazo, kwa fuvu na mfupa wa juu wa mkono na wa paja, akalinganisha ndege na popo na wanyama wa jamii ya panya, na kwa wastani ndege ndo walitoka wenye mifupa mizito zaidi kwa ujazo. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilifurahi sana, sababu linaeleza kwanini mfupa wa njiwa mwembamba hivi hauvunjiki anapopiga mabawa kutoka chini mpaka paani kwa sekunde. Kuta ni nyembamba lakini zimetengenezwa kwa mfupa mzito na mgumu, na umbo ni bomba pana. Kiasi kilekile cha mfupa ukikifanya fimbo iliyojaa kitapinda na kujisokota kirahisi, ukikifanya bomba pana lenye nafasi katikati kinakataa. Na kusokotwa ndo balaa la bawa, Biewener na Dial mwaka 1995 walibandika vipimo vidogo kwenye mfupa wa juu wa bawa la njiwa hai akaruka navyo, wakaona mzigo mkubwa unaoupata ni wa kusokotwa. Bomba ndo umbo la kuhimili hilo.

Ombi langu kubwa kwa watengenezaji lipo hapa. Wekeni mfupa mmoja wa bawa uliokatwa kwa urefu pembeni ya kibao. Mfupa mmoja tu! Skeletoni nzima ni nzuri lakini kitu ambacho kila mwanafunzi amekuja kukiona, yaani ndani ya mfupa, hakionekani. Zile nguzo ndogo ndogo zinazopita ndani kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, hasa kuelekea kwenye ncha, ni nzuri mno ukiziona kwa lenzi ya mkononi, na hapa unalipa laki mbili kasoro huzioni. Mimi nimekata wa kuku kwa msumeno mdogo wa chuma nikauweka kwenye kikopo cha plastiki, unakaa pembeni ya boksi. Wa kuku unafaa kabisa, nao una hewa.

Mgongoni. Hapa bidhaa imefanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea. Mgongo wa njiwa sehemu ya kifua, pingili kadhaa zimeungana zikawa kitu kimoja, na kwenye nyonga pingili nyingi zaidi zimeungana na mfupa wa nyonga wenyewe zikatoa ngao moja ndefu na nyepesi. Kwenye hii ya kwangu mistari ya mahali pingili zilipoungana bado inaonekana, unaweza kuifuata kwa ncha ya kijiti. Mbavu zina vijino vinavyoenda nyuma kila kimoja kikilalia ubavu unaofuata, kifua kinakuwa imara, na misuli inayovishika inasaidia pia kupumua. Vijino vyote vipo, nimevihesabu na wanafunzi pande zote mbili. Hii kagua sana mnaponunua, nimeona za rafiki yangu vimekatika karibu nusu.

Ukishaelewa kwamba kiwiliwili kimefungwa hivyo, shingo inaanza kuleta maana. Mwili haupindi, mikono imekwenda kuwa mabawa, sasa nani atajikuna, atasafisha manyoya, ataokota punje, atajenga kiota? Mdomo. Na mdomo unahitaji shingo inayofika popote. Sisi mamalia karibu wote tuna pingili 7 za shingo, twiga naye 7, wakati ndege kuku ana 14 na bata maji wakubwa wa aina ya swani wanazidi 20. Bundi ana 14 na anageuza kichwa nyuzi 270. Kwenye skeletoni hii shingo imepindwa ile S ya kawaida ya njiwa aliyetulia, safi kabisa.

Mkia ni mfupi, pingili chache huru halafu ncha ni kipande kimoja bapa kimesimama, pigostaili. Hapo ndo manyoya yote ya mkia yanashika yanafunguka na kufunga. Mkiani huwa sikai sana, isipokuwa naitumia kuingia kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, nayo inatuhusu sisi.

Kule Tendaguru mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria na wakapeleka shehena kubwa Berlin, na wachimbaji wenyewe walikuwa mamia ya watu wa huku kwetu, mizigo ikabebwa kwa vichwa mpaka bandarini Lindi. Yule mkubwa mwenye shingo ndefu, Giraffatitan, leo amesimama kwenye makumbusho ya historia ya asili ya Berlin, kimo cha mita 13 na kidogo. Sasa pingili za shingo na mgongo wake zimejaa mashimo na vyumba, na wataalamu wanaona ni alama za mifuko ya hewa, mpango uleule wa njiwa wangu hapa mezani. Mnyama wa tani nyingi ambaye hakuwahi kuwaza kuruka! Maana yake hewa ndani ya mfupa ilikuja kabla ya kuruka, ndege waliirithi wakaitumia. Na jengo hilohilo la Berlin lina Archaeopteryx maarufu, ndege wa kale wa Ujerumani ana manyoya na mfupa wa V tayari, lakini ana meno, ana mkia mrefu wa mifupa badala ya pigostaili, na mkuku wa mfupa hana. Yaani vipande havikuja siku moja. Ukimweka mwanafunzi mbele ya skeletoni ya njiwa ukamuuliza kipi kilianza na kipi kilifuata, somo linabadilika kabisa kutoka kukariri na kuwa uchunguzi, na mtoto wa Lindi anapaswa kuwa wa kwanza kulijua hili.

Bawa lenyewe sasa. Mfupa wa juu, halafu miwili ya chini, halafu kiganja kilichoungana na vidole vitatu tu vilivyobaki. Kati ya ile miwili ya chini mnene ndo unaobeba manyoya, na ukipitisha macho upande wake wa nyuma utaona vinundu vimejipanga, kila kinundu ni mahali shina la unyoya liliposhika. Vinundu hivyohivyo vilikutwa mwaka 2007 kwenye mkono wa dinosaria Velociraptor kutoka Mongolia, ndo tukajua kwa ushahidi wa mfupa kwamba alikuwa na manyoya mkononi. Kwenye hii yangu vinundu vinaonekana kwa shida, njiwa vyake ni vidogo, tumia mwanga wa pembeni. Kidole gumba, ambacho upande mmoja sikupewa, kinabeba vijinyoya vichache vinavyonyanyuka ndege anapopunguza mwendo, hewa inaendelea kushika juu ya bawa na ndege haporomoki. Mwangalieni njiwa anapotua juu ya bati, kwenye ukingo wa mbele wa bawa kuna kitu kinafunguka sekunde ileile, ndo hicho.

Miguu kwa ufupi tu, lile "goti linalopinda nyuma" ni kifundo cha mguu, goti halisi lipo juu limefichwa na manyoya, na mfupa mrefu unaofuata ni nyayo zilizoungana. Miguu ndo inayomrusha mwanzo na kupokea kishindo cha kutua, ndo maana siyo myembamba kivile. Fuvu ni jepesi kweli, halina meno, na tundu la jicho limekula nusu ya kichwa, ila bila ile pete ya jicho mwanafunzi hapati picha kamili.

Je ununue hii au ya plastiki? Za plastiki nimezitumia shule niliyokuwa zamani, ni rahisi na hazivunjiki, zinafaa shule ya msingi ambako mikono ni mingi. Lakini kile kitundu cha begani wanakiziba, kitundu cha hewa hakipo, mfupa wa V unakuwa mnene hovyo, kwahiyo vile vitu vinavyoeleza kuruka ndo hasa vinavyopotea. Kwa sekondari na chuo chukua ya mifupa halisi.

Au tengeneza ya kuku mwenyewe kama hela hakuna. Chemsha kwa moto mdogo, toa nyama kwa mkono na mswaki laki­ni usiharakishe mabega, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo ubadilishe maji mpaka mafuta yaishe, halafu ukitaka weupe tumia haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Usitumie jiki, inakula mfupa unabaki unga unga baada ya muda. Na usishawishike kununua ya mwewe au bundi kwa mtu wa mtaani, ndege wa porini ni nyara, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haichezi na mtu asiye na kibali. Njiwa na kuku wanakutosheleza.

Kutunza, kwa sisi wa pwani unyevu ndo adui. Weka vipakiti vile vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ndani ya boksi, badilisha vikilowa. Ukiona mfupa unaanza kuwa wa njano na sisimizi wanajipanga, mafuta hayakutolewa vizuri kiwandani, rudisha mapema. Na mkiihamisha darasa kwa darasa beba kwa kibao chini, siyo kwa boksi, boksi la hii limekaa tu juu halina skrubu.

Nyota nne kati ya tano. Anayetaka karatasi ya majina niliyoirekebisha aseme nimtumie, na kama kuna aliyepata toleo lenye mfupa uliokatwa au pete za macho aniambie amelipata wapi, nataka la pili kwa ajili ya kidato cha tano.